Kushindwa Si Aibu

Methali hii naisikia tangu utotoni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi huitoa yule aliyeshinda, akimpoza mwenziwe. Ni methali njema, lakini nina swali moja: je, mtu akubali kushindwa mara ngapi?

Huko Marekani, katika jimbo la Texas, kuna chuo kikuu kiitwacho Prairie View A&M, kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya vijana weusi waliofungiwa milango ya vyuo vya wazungu. Mpira wao si kandanda yetu. Wao huubeba mikononi mpira wenye umbo la yai, wakapambana kwa mabega mpaka wavuke mstari wa wenzao. Katika mchezo huo Prairie View walikuwa mabingwa wenye kutajika miaka ya 1950 na 1960. Kisha mambo yakageuka. Tangu mwaka 1989 hadi 1998 walishindwa mechi 80 mfululizo. Themanini, ndugu msomaji, bila ya hata sare moja!

Watu walicheka, na waliouliza sababu walikuwa wachache. Sababu ilikuwa fedha. Mambo ya fedha za michezo yaliharibika hata msimu wa 1990 ukafutwa wote. Na timu iliporudi uwanjani mwaka 1991, wachezaji wake hawakulipiwa masomo kama walivyolipiwa wapinzani wao. Basi hapo aliyeshindwa ni nani? Ni kijana, au ni wakubwa waliompeleka vitani bila ya ngao?

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Alasiri moja mtaani kwetu vijana walifungwa mabao mengi, nusu yao wakicheza miguu mitupu. Sisi wa barazani tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Wiki chache kabla ya hapo vijana hao hao walitupitia wakiomba mchango wa viatu na jezi, nami niliwaambia waje kesho. Kesho hiyo hawakuiona. Waama, kicheko changu siku ile kilikuwa deni.

Tarehe 26 Septemba 1998 Prairie View waliwashinda Langston kwa pointi 14 kwa 12, na mkosi ukakatika. Lakini mimi nawafikiria zaidi wale wa katikati, walioingia chuoni, wakacheza miaka yao yote, wakatoka bila ya kuonja ushindi hata mmoja. Lau wangalivua jezi wakaenda zao, nani angaliwalaumu? Hawakuenda. Mwaka 2009 chuo hicho kilitwaa ubingwa wa ligi yake, mara ya kwanza tangu 1964, na naamini ubingwa huo una jasho la wale ambao hawakupewa kikombe.

Sisi tuliofunzwa subira tangu madrasa yatupasa tuitambue tunapoiona, hata ikiwa imevaa jezi iliyochanika. Kijana anayerudi uwanjani Jumapili baada ya kufungwa Jumapili iliyopita amekwisha tufanyia somo. Tusimlipe kwa kejeli.

Wakija tena na daftari lao la mchango, tutoe tulicho nacho siku hiyo hiyo, wala tusiseme kesho. Kisha wakifungwa, tutakuwa tumefungwa pamoja nao, na hapo hapana wa kumcheka mwenziwe.