Tamasha la vitabu Kasapa: nkambo wa Katuba naye apewe kiti

Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kina kumbi, kina viwanja, kina maprofesa wa fasihi. Ndiyo maana naona tamasha la vitabu la watu wa umri wote lingefaa kufanyika pale Kasapa kila mwaka, kuliko katika hoteli ya katikati ya mji ambako mtoto wa shule hawezi hata kuomba maji. Ila nina sharti moja, nalo ni lugha.

Wenzetu wamekwisha kufanya hivyo. Kule Marekani, tamasha la vitabu la gazeti Los Angeles Times lilianza mwaka 1996 katika chuo kikuu cha UCLA, na tangu 2011 linapokelewa na USC, chuo kingine cha mji huohuo. Kuingia ni bure. Katika mji wa Tucson, chuo kikuu cha Arizona kinapokea tamasha la namna hiyo tangu 2009. Watoto wana sehemu yao, na pesa zinazobaki husaidia kufundisha watu kusoma.

Pesa za Los Angeles hatuna. Lakini hema, viti vya plastiki na kipaza sauti tunapata hata kwa harusi za jirani.

Kinachonitia wasiwasi ni programu. Naiona tangu sasa: profesa anasoma hotuba ya saa nzima kwa Kifaransa, mjumbe wa waziri anafuata, na watoto wa shule wamekaa nyuma wakipiga makofi kwa sababu wakubwa wamepiga. Nkambo aliyetoka Katuba na mjukuu wake, akalipa basi mara mbili, anamuuliza mtoto: wamesema nini? Hapo "umri wote" ni maneno ya bango tu.

Jambo hili si geni katika vyuo vya Afrika. Mwaka 1962 chuo cha Makerere, kule Kampala, kilikusanya waandishi wa Afrika, lakini wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa wakati ule, hakuwa na nafasi hapo, na mwaka uleule alifariki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi, alikuja kuuliza baadaye: mkutano wa fasihi ya Afrika unawezaje kuziacha nje lugha za Afrika?

Najua nitakavyojibiwa: Kiswahili chetu cha Lubumbashi si cha vitabu, kile safi kiko Tanzania. Basi atueleze mwenye kusema hivyo kuhusu André Yav. Mwaka 1965 mtu huyo aliandika historia ya mji huu, Elisabethville ya wakati ule, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1990 watafiti wa ng'ambo waliitoa kama kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Simama mlangoni mwa UNILU, uliza wanafunzi kumi kama wamewahi kukishika.

Simfukuzi Kifaransa. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha katika chuo hikihiki, alikitumia. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alikiandikia Tram 83 iliyotoka mwaka 2014. Tunajivunia wote wawili. Mwandishi asome kwa Kifaransa, lakini mtu aeleze kwa Kiswahili palepale, aya kwa aya, wala isiwe dakika mbili za mwisho watu wakianza kuondoka. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Chuo cha serikali kisikione kama mgeni.

Na kuna kazi nyingine, kwangu mimi ndiyo kubwa. Asubuhi ya Jumamosi, wankambo waketi na watoto wasimulie hadithi za kwao, na wanafunzi wa fasihi waandike kila neno jinsi lilivyotoka, bila kulisahihisha. Mwaka unaofuata chuo kichape kijitabu, kiuzwe kwa bei ya mkate, na jina la nkambo liwe juu ya jalada, si lile la profesa.