Faili Liko Lisbon, na Nyumba Je?



Anayepeleka fedha Ureno ili apate ukaazi huvutiwa na sharti moja jepesi: akishapata kibali, yatosha akae huko siku saba tu kwa mwaka, kwa wastani. Mpango huo ulianza mwaka 2012, na mojawapo ya njia zake ni kuweka yuro 500,000 katika mfuko wa uwekezaji. Wengi hulipita upesi neno “akishapata”. Fedha hutangulia, faili hufuata, kisha huja kungoja.

Na kungoja kwenyewe si kwa mwezi mmoja wala miwili. Oktoba 2023 idara ya zamani ya uhamiaji, SEF, ilivunjwa, na mahali pake pakawekwa shirika jipya liitwalo AIMA. Shirika hilo lilirithi mamia ya maelfu ya maombi ya wageni wa kila namna: vibarua, wanafunzi na wenye mali. Mwezi huohuo sheria iliondoa ununuzi wa nyumba katika njia za kustahiki, ingawa waliokwisha kuomba hawakufukuzwa. Basi mtu aweza kuwa amelipa, na ombi lake limepita hatua ya kwanza, na bado akapitisha mwaka na zaidi hajaitwa kutoa alama za vidole. Akishazitoa, huanza kuingojea kadi. (Wareno walipokuja Mombasa hawakumngoja mtu awape kibali, lakini hayo tuyaache.)

Ombi moja huweza kuwabeba mume, mke na watoto. Mtoto aliyevuka miaka 18 huhesabiwa humo iwapo tu hajaoa au kuolewa, bado anasoma, na anawategemea wazazi wake. Hapo ndipo faili huanza kuitawala nyumba. Tuseme binti alikuwa na miaka 18 siku ya kuomba, na sasa ana 22. Posa imekuja, ya kijana mwema, na baba anasema, “Ngojeni kadi.” Kaka yake amehitimu na kazi ameipata, lakini anaambiwa ajiandikishe chuo kingine ili aendelee kuitwa mwanafunzi. Paa linavuja, nalo halitengenezwi, kwa kuwa “karibu tutahama”. Hakuna afisa wa Lisbon aliyeyaamuru haya.

Kwa maoni yangu, binti ana haki ya kuelezwa kweli yote: akiolewa, atatoka katika faili la wazazi wake, na huenda mlango huo asiupate tena. Akishayajua hayo, na achague mwenyewe. Lakini kumrudisha mchumba wake kwa ajili ya tarehe ambayo hata wakili haijui ni kumtoza mtoto gharama ya uwekezaji asioutaka.

Mke naye asiachwe nje ya jambo hili. Aijue nambari ya ombi, amjue wakili, na ajue risiti zimewekwa wapi, kwani mauti hayangoji kadi, na mjane asiye na karatasi hana pa kuanzia. Tarehe za mwisho za pasipoti zitazamwe mapema. Cheti cha mwenendo mwema huhesabiwa kipya kwa miezi mitatu tu, kwa hiyo kile kilichopelekwa na ombi kitakuwa kimechakaa siku mtakapoitwa. Tengeni fedha za kukitafuta tena. Wakili aulizwe kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi. Waombaji wengi wameishitaki AIMA katika mahakama ya utawala ya Lisbon ili ilazimishwe kuwapangia siku, na wapo waliofaulu. Njia hiyo ni halali, ingawa ina gharama yake. Anayewaahidi kuwavusha kwa bahasha, mkimbieni.

Lililobaki ni fedha. Zile yuro haziwezi kutolewa katikati ya safari bila kuliharibu ombi. Basi karo ya mwaka huu, matibabu ya bibi na gharama za harusi viwe na fungu lake kando, ambalo mama wa nyumba analijua na anaweza kulifikia. Na fundi wa paa aitwe kabla ya masika.