MUGONJWA WA KAZI NAYE AHESABIWE

Ndugu mutumishi, na wewe mama unayesoma pamoja naye,

Kila mutu wa Kolwezi anajua nguzo za chuma zinazoleta umeme kutoka Inga. Laini ile ina urefu wa kilometa 1.700 hivi, na ilianza kupitisha umeme mwaka wa 1982. Kampani kubwa iliyoijenga ni Morrison-Knudsen, ya muji wa Boise, kule Marekani. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi nyingine ya kampani ile, iliyofanywa miaka 50 mbele ya laini yetu, kwa sababu ina fundisho kwa afya yetu sisi watu wa machimbo.

Mwaka wa 1931 Morrison-Knudsen iliungana na kampani nyingine kujenga barazhi ya Hoover, ukuta wa kuzuia maji ya muto Colorado. Ukuta ule unapanda meta 221. Mbele ya kuujenga ilipasa kugeuza muto. Watumishi wakapasua mulima na kuchimba njia 4 ndani yake, kila moja yenye upana wa meta 17. Mule ndani motokari za esansi zilipita usiku na muchana, kukiwa joto kali, na moshi wake ukabaki pamoja na watu. Sheria ya jimbo la Nevada ilikataza mashine za esansi chini ya udongo. Kampani hazikukubali. Zilikwenda kwa waamuzi, zikashinda, na motokari zikaendelea.

Sasa tuangalie hesabu ya wafu. Serikali inasema kazi ile iliua watu 96: walioanguka, waliopigwa na mawe, waliozama, waliopasuliwa na baruti. Lakini watumishi wengine 42 waliandikwa kwamba walikufa kwa pneumonia, ni kusema ugonjwa wa mapafu, na hawakuingia katika wale 96. Wenzao walisema ni moshi uliowaua, na kwamba jina pneumonia liliandikwa ili jamaa zao zisilipwe. Kampani zilikana. Wengine walizishitaki, na mwaka wa 1936 kampani zikapatana na watu 50 inje ya baraza. Kiasi cha malipo hakikutangazwa.

Fikiri kidogo, ndugu. Kazini mule mule, mawe yalipoanguka juu ya vichwa, watumishi walichovya kofia zao za kitambaa ndani ya lami ili zikauke na kuwa ngumu. Kampani ziliona faida yake, zikaagiza kaski. Kwa nini kichwa kilipata kaski, na pafu halikupata hewa safi? Kichwa kilichopasuka kinaonekana na watu wote, na kinaandikwa kitabuni siku ile ile. Pafu linaharibika polepole, na mutu anakwenda kufia nyumbani.

Maoni yangu ni haya: ugonjwa wa kazi uandikwe kama vile aksida inavyoandikwa, kwa kila mutu anayefanya kazi kwetu. Nasema kila mutu, hata yule aliyeandikwa na kampani ndogo ya kujenga barabara au kupasua mawe kwa mukataba wa miezi 3. Vumbi halimuulizi mutu mukataba wake. Sheria ya inchi yetu ya mwaka wa 2016 juu ya usalama wa jamii inataja ugonjwa wa kazi pamoja na aksida ya kazi. Basi sisi tusiutenge.

Wakubwa wengine watasema: tukiandika magonjwa yote, hesabu yetu ya usalama itaharibika, na kibao cha mulangoni kinachoonyesha siku bila aksida kitatutia haya. Najibu kwa heshima: kibao hakiponyi kifua. Mukubwa asiyejua ni wangapi wanakohoa, hawezi kujua pahali pa kumwanga maji, wala mashine gani ya hewa imekufa.

Na wewe, ndugu, najua unaogopa. Unasema: nikitaja kifua changu watanitoa kazini. Woga huo una sababu, sikucheki. Lakini ukinyamaza, kaye yetu itaandika «kikohozi» tu, na siku utakaposhindwa kupanda ngazi hakuna karatasi itakayokusemea.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifika dispansere, usiseme «ninaumwa» na kunyamaza. Sema unafanya kazi gani, pahali gani, tangu mwaka gani, na kama kuna vumbi au moshi. Omba viandikwe. Weka nyumbani karatasi zako zote: mikataba, picha za mapafu, karatasi za dispansere. Kampani zinabadilisha majina. Morrison-Knudsen yenyewe ilianguka, ikanunuliwa mwaka wa 1996, ikaitwa kwa jina lingine, ikanunuliwa tena mwaka wa 2007, na tena mwaka wa 2014. Hapa kwetu pia, muzee aliyeanza kazi kwa Union Minière alimaliza kwa Gécamines. Karatasi yako ndiyo itakayokumbuka.

Mama, wewe pia una kazi. Moshi wa mashine una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Baba akirudi kazini na kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika na miguu mizito, usiseme mara moja ni malaria au pombe. Muulize kama wenzake wa timu moja wanaumwa vilevile. Kama ndivyo, waje wote dispansere, na wakubwa waambiwe siku ile ile. Sumu hiyo hiyo inatoka katika makala. Usilale na mbabula inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, hata katika baridi ya mwezi wa 6. Na motopompe isiwashwe kamwe ndani ya shimo walimo watu.

Wale 42 walikuwa na majina, mabibi na watoto. Kwetu, mutu anayeumizwa na kazi aandikwe akiwa muzima, tupate bado kumusaidia.

Asistanti wenu wa dispansere