Daftari la wiki: Sanduku la vitabu la Pinga

Wiki hii nimekuwa nikichagua vitabu vya kujaza sanduku moja la bati liende Pinga, huko Kivu nchini Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale. Kitabu kinachotoka Goma hupitia Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe. Vita vikizuka au matope yakizidi, nakala iliyofika ndiyo hiyo hiyo, na itakaa peke yake muda mrefu. Kwa hiyo nimetumia kipimo kimoja: je, mtu mmoja anaweza kukisoma kwa sauti, ishirini wakasikiliza na wakataka aendelee kesho?

*

Peponi kinapita bila ubishi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobeli. Kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri Aziz kufidia deni la babake, kisha anafuata msafara wa biashara kuelekea bara. Msomaji wa Pwani husafiri na Yusuf. Msomaji wa Kivu, nadhani, atasimama upande wa pili, pamoja na wale wanaouona msafara ukiwajia. Jioni moja nzima ningeiachia sura za Chatu, yule mtemi anayewashika wafanyabiashara kwa sababu waliomtangulia walimdhulumu. Halafu niwaulize wasikilizaji: nyinyi mngewatendea nini?

*

Chozi la Heri cha Assumpta Matei (2014) nakitia sandukuni, lakini msimamizi wa maktaba akisome kwanza akiwa peke yake. Ridhaa, daktari, anateketezewa familia katika ghasia za baada ya uchaguzi, kisha anaishia kambini. Wanafunzi wa Kenya walikisoma kwa ajili ya mtihani. Mbele ya wahami wa vita, yaani watu waliokimbia makwao, hakisomwi hivyo. Kuna kurasa ambazo mtu ana haki ya kukutana nazo kwa hiari yake, akiwa tayari.

*

Kitabu cha Wakongo wenyewe: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa maboi na wapishi wa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kama kinavyotoka mdomoni. Johannes Fabian alipoitoa kwa wasomaji wa nje mwaka 1990, ilibidi kwanza mwenyeji aisome kwa sauti ndipo maana ya maandishi ifunguke. Hilo kwangu ni sifa kubwa. Linamwambia kila mtoto wa Kivu aliyekemewa kwamba Kiswahili chake si "bora" kuwa Kiswahili kama hicho kimewahi kubeba historia ya mji mzima.

*

Wanaodhani maktaba ya wahami ni anasa wakumbuke Burundi. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka masanduku yake ya kwanza ya Ideas Box, maktaba inayofunguka na kukunjika, katika makambi ya wakimbizi Wakongo.

*

Nimekiacha mwisho kitabu ninachokitaka kuliko vyote. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, Candi Rureke alisimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12. Aliimba, akacheza, akatikisa kibuyu, huku vijana watatu wakigonga fimbo iliyolazwa juu ya vijiti, mpaka sauti ikamkauka. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, yeye mwenyewe Mnyanga, waliuchapisha Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza.

Shemwindo hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, babake anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye anashika njia ya kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye anamwandama babake hadi kuzimu, anamrudisha nyumbani, na wanagawana utawala. Ushindi unamlevya, na Nkuba, yaani Radi, anampandisha mbinguni akapigwe na baridi, mvua na jua hadi ajifunze adabu. Sijui shujaa mwingine anayerudiwa hivyo baada ya kushinda, na natamani vijana wa Pinga, waliozungukwa na wenye bunduki, wamsikie.

Natamani pia kumsoma kwa Kiswahili. Atakayeifanya kazi ya kumtafsiri, awe wa Goma, Bukavu au Dar es Salaam, asianzie kwenye Kiingereza. Kinyanga chenyewe kimo ndani ya kitabu, na wazee wanaokijua wapo. Kisha atafute mchoraji mzuri, maana watoto watadai kumwona Kirimu, joka la msituni lenye vichwa saba, lililowameza Wambuti watatu.