Kijana, unauza harufu, si uzito wa gunia

Hebu chuma jani moja la mrihani, ulisugue kati ya vidole kisha unuse. Harufu hiyo ndiyo bidhaa. Jani lenyewe ni mfuko tu wa kuibebea.

Tunasema haya kwa sababu kuna vijana wanaogeukia mimea ya kunukia: mrihani, mnanaa, rosemari, mchaichai. Wazo ni zuri. Mimea hii haidai ekari nyingi, na Kenya tayari huuza mingi Ulaya. Shida ni kwamba wengine huilima kama sukuma wiki: maji tele, mbolea tele, vuna, shindilia guniani, tafuta mnunuzi. Mnunuzi anafungua gunia, ananusa, anatikisa kichwa. Jasho la miezi linaishia hapo, nawe unabaki ukilalamika kwamba soko ni la matapeli.

Kabla ya kumlaumu, elewa unachouza. Kwenye mrihani, mnanaa na rosemari, mafuta yenye harufu hukaa katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ukiliponda, vifuko hupasuka. Ukilianika kwenye jua kali, mafuta hupaa hewani. Na si mengi: kilo 100 za mchaichai mbichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta.

Kazi huanzia kwenye mche. Mchaichai na sitronela hufanana sana, lakini mafuta ya mchaichai hunukia limau, ilhali ya sitronela ndiyo yale ya kufukuzia mbu. Ukipanda huu ukidhani ni ule, hakuna mbolea itakayokuokoa. Mrihani nao unataka jua. Ukiufinya kivulini, harufu hupungua. Mbolea ya naitrojeni ikizidi utapata majani mengi, lakini usitarajie harufu iongezeke vivyo hivyo.

Wakati wa kukata pia una siri yake. Mrihani wa kuuzwa mbichi hukatwa kabla ya kuchanua. Wa kutolewa mafuta hungojwa uanze kutoa maua. Kata asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali.

Kisha sahau kuanika juu ya mabati au kando ya barabara. Kausha kivulini, juu ya wavu ulioinuliwa, majani yakiwa yametandazwa membamba ili hewa ipite, na joto lisizidi nyuzi 40 hivi. Jani lililokauka vizuri huvunjika ukilikunja, na bado lina rangi yake ya kijani. Ukirundika mabichi, yatapata joto na kuota ukungu.

Unauza mabichi? Mnanaa hupenda baridi karibu na nyuzi sifuri, lakini mrihani ukikaa chini ya nyuzi 10 hugeuka mweusi. Mkichanga na jirani friji moja, mmoja wenu atalia. Na ukishatoa mafuta, yatie katika chupa ya kioo cheusi, uijaze, uifunge kabisa, uiweke mbali na jua.

Hata hivyo, mzigo huu si wa kijana pekee. Viongozi wetu hupenda kugawa miche mbele ya kamera. Miche bila mahali pa kukaushia ni kumsaidia mkulima nusu safari kisha kumwacha njiani. Kikaushio kimoja cha pamoja katika wadi, chenye paa, nyavu na hewa ya kutosha, kinaweza kuwafaa vijana kuliko lori zima la miche. Wanunuzi nao walipe kulingana na ubora. Ukilipa kwa kilo tu, utaletewa kilo tu: mashina na majani yaliyojaa maji.

Lakini usikae ukingoja kaunti. Wavu, mbao na kivuli vinapatikana kijijini, na kikundi cha watu watano kinaweza kuvichangia. Kwa hivyo kabla ya kupanda msimu ujao, jiulize swali moja: nitakaushia wapi? Kama huna jibu, jembe lingoje kwanza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe tayari umechoka kutembeza magunia.