PESA NA FAMILIA: Paa la gari likivuja, usilipe bili kabla ya kuuliza maswali haya

MVUA za vuli zikishika kasi, baadhi ya familia hugundua jambo la kushangaza: gari la bei ghali, lile lililonunuliwa kwa mkopo wa miaka minne, ndilo linalolowa ndani. Kapeti la mbele linatoa maji likikanyagwa. Vioo vinaingia ukungu asubuhi. Kuna harufu ya tambara lililosahaulika kwenye karai, na mtoto anayekaa nyuma anashuka shuleni soksi zikiwa zimelowa.

Gari linapelekwa kwa wakala aliyeliuza. Jibu linarudi fupi: mirija ya paa la kioo imeziba. Kisha inakuja bili, nayo si fupi. Wakala anasema huo ni uchafu, si kasoro ya kiwandani, kwa hivyo waranti haihusiki. Mwenye gari anaona haya kubishana mbele ya wateja wengine, analipa, na ugomvi wenyewe unahamia nyumbani, maana pesa zilizotoka zilikuwa karo ya muhula ujao.

Kabla ya kulipa, mzazi anahitaji kuelewa mambo matatu: maji yaliingiaje, nani alipaswa kuyazuia, na bili imejengwa vipi.

Maji hupita wapi

Wengi hudhani kwamba raba inayozunguka kioo cha paa, au sanrufu kama wanavyoiita, huzuia kila tone. Sivyo. Raba hupunguza tu. Maji kiasi hupita na kuangukia kwenye fremu iliyo chini ya kioo, ambayo imeundwa kama sinia lenye ukingo. Kwenye pembe za sinia hilo kuna matundu, kwa kawaida manne, na kila tundu limeunganishwa na mrija mwembamba. Mirija miwili hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kumwaga maji karibu na bawaba za milango au nyuma ya magurudumu ya mbele. Miwili mingine hushukia nyuma, upande wa magurudumu ya nyuma au bampa.

Mrija mmoja ukijaa vumbi, majani au maua, sinia linafurika na maji yanajitafutia njia: kwenye kitambaa cha dari, kwenye taa za ndani, na mwishowe chini ya kapeti. Nairobi, tatizo hili lina msimu wake. Mijakaranda huchanua kati ya Septemba na Novemba, maua yanadondokea magari yaliyoegeshwa chini yake, kisha mvua inakuja na kuyageuza uji.

Hatari kubwa haiko darini. Magari mengi ya kifahari yana kompyuta ndogo na viunganishi vya nyaya chini ya viti, chini ya kapeti au ndani ya buti kwenye shimo la gurudumu la akiba. Maji yakituama hapo siku kadhaa, taa za onyo zinaanza kuwaka na vifaa vinaanza kuharibika. Ndiyo maana kazi ya kuzibua mrija, ambayo yenyewe ni ndogo, inaweza kuishia kwenye bili ya kutisha. Na kwa nyumba yenye mtoto mwenye pumu, ukungu unaoota chini ya kapeti si jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Bili inavyovimba

Chukua mfano wa familia iliyopewa makadirio ya Sh20,000 za kuchunguza na kuzibua mirija. Siku ya kuchukua gari, bili inasoma Sh185,000: uchunguzi Sh12,000, kazi ya saa sita Sh48,000, kapeti jipya Sh60,000 na kifaa cha kielektroniki Sh65,000. Mama mwenye gari anaposhangaa, mhudumu anamwambia kwa upole, "Mama, gari lilikuwa limeharibika kuliko tulivyodhani." Huenda ni kweli. Lakini kila mstari wa bili una swali lake.

Kwa uchunguzi: ni mirija mingapi iliyokuwa imeziba, ya upande gani, na picha ziko wapi? Kwa saa sita: mafundi walishusha dari au walizibua kutokea juu? Kuzibua peke yake kwa kawaida hakuhitaji kushusha dari. Kwa kapeti: lilijaribiwa kukaushwa likashindikana, au lilitupwa tu? Kwa kifaa: kiliungua kweli, au kompyuta ya gereji ilionyesha hitilafu na kikabadilishwa bila kupimwa? Kiko wapi hicho cha zamani?

Swali la mrija ndilo zito kuliko yote. Mrija ulioziba kwa maua ni suala la utunzaji. Mrija uliochomoka kwenye kiungo chake, au uliokunjwa vibaya tangu kiwandani, ni kasoro, na kama waranti haijaisha, mzigo huo unapaswa kubebwa na wakala. Kwa hivyo neno "imeziba" lisikubaliwe bila picha au bila mwenye gari kuonyeshwa kwa macho.

Nani alipaswa kujua?

Hoja ya wakala huwa moja: mwenye gari hakutunza. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa kitabu cha gari kinamwagiza mwenyewe asafishe mirija, au kama alishauriwa kwenye sevisi iliyopita akakataa ili kuokoa pesa. Hapo muungwana hulipa na kujifunza.

Lakini kama gari limekuwa likipelekwa sevisi kwa wakala huyohuyo, toa karatasi zote uzisome mstari kwa mstari. Tafuta mahali palipotajwa paa la kioo. Ikiwa fundi alitia alama kwamba alikagua paa na mirija miezi mitatu iliyopita, basi wakala anadai alipwe mara ya pili kwa kazi aliyokwisha kulipwa. Na ikiwa mstari huo haupo kabisa, wala kitabu cha gari hakisemi lolote, swali linageuka: mteja angejuaje?

Swali kama hilo limewahi kufika mahakamani. Nchini Marekani, wamiliki wa magari ya Volkswagen na Audi waliishtaki kampuni hiyo wakidai kwamba mirija ya paa na njia nyingine za maji ziliziba na kusababisha magari yao kuingia maji. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Dewey, ilifika Mahakama ya Rufaa mwaka 2012 kwa sababu ya mzozo kuhusu nani anufaike na maridhiano. Maridhiano si hukumu, wala hayafungi mahakama za Kenya. Hata hivyo, ndani yake hayakuishia kwenye kurejesha gharama za baadhi ya matengenezo. Yalihusu pia kuwapa wamiliki maelezo ya jinsi ya kutunza njia hizo za maji. Mteja asiyeambiwa hawezi kulaumiwa sawa na aliyeambiwa akapuuza.

Aliyenunua gari lililotumika kutoka yadi yuko katika hali tofauti. Waranti ya kiwanda mara nyingi haipo. Bado Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, isipokuwa kwa kasoro ambayo mnunuzi angeiona alipokagua. Gari lililoingia maji wiki ya pili baada ya kununuliwa lirudishwe haraka, likiwa na picha. Likirudishwa baada ya mwaka, itakuwa vigumu kuthibitisha lolote.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaingia ndani zaidi na inagusa matengenezo ya magari moja kwa moja. Mwenye gereji hatakiwi kumtoza mteja kwa kazi ambayo mteja hakuidhinisha. Akishatoa makadirio, bili haifai kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Na vipuri vilivyotolewa, mteja anaweza kuomba arudishiwe.

Kwa familia ya mfano ule, asilimia 10 ya Sh20,000 ni Sh2,000. Kwa kazi waliyoikubali, kikomo kilikuwa Sh22,000. Kapeti na kifaa vilikuwa kazi mpya, na ilipasa wapigiwe simu wakubali kabla ya spana kuguswa.

Tahadhari iko kwenye kadi ya kazi, ile karatasi inayosainiwa asubuhi huku mtoto akivuta sketi na saa ya kazini ikienda. Kadi nyingine huwa na mstari mdogo unaosema mteja ameidhinisha matengenezo yote yatakayohitajika. Ukiuona, ukate kwa kalamu na uandike: "Nipigiwe simu kabla ya kazi yoyote zaidi ya hii." Kisha piga picha ya kadi kwa simu yako.

Namna ya kupinga

Kwanza, usigombane na mhudumu wa kaunta. Si yeye aliyepanga bei. Omba kuzungumza na meneja wa huduma, na uombe bili iliyofafanuliwa: saa za kazi, bei ya kila saa, na kila kipuri kwa jina lake.

Pili, andika. Barua pepe fupi ina nguvu kuliko simu kumi. Taja tarehe ya kupeleka gari, makadirio uliyopewa, kazi uliyoidhinisha, na mistari unayoipinga pamoja na sababu. Ambatisha picha na karatasi za sevisi. Toa muda wa kujibu, kwa mfano siku 14.

Tatu, tafuta jicho la pili. Fundi huru anayezijua gari za aina hiyo aangalie mirija na aandike alichokiona. Ni bora afanye hivyo kabla wakala hajagusa kitu, maana baada ya kuzibuliwa ushahidi umekwisha.

Nne, usiache gari lishikiliwe kwa hasira. Gereji inaweza kulizuia hadi ilipwe kazi halali. Jitolee kulipa sehemu usiyoipinga. Wakikataa, na gari linahitajika kupeleka watoto shule, lipa lakini uandike: "Ninalipa ili nichukue gari. Ninapinga Sh163,000 za bili hii." Anayelipa kimya huchukuliwa kuwa ameridhika.

Tano, wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia haki za watumiaji. Mlango mwingine ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Faili lenye kadi ya kazi, makadirio na picha ndilo litakalokusemea.

Soma pia karatasi za bima, hata kama ni bima kubwa. Mara nyingi haigharimii uharibifu uliokuja polepole.

Ndani ya nyumba

Bili kama hii ina tabia ya kufufua mambo ya zamani. "Nilikwambia, Baba watoto, hilo gari si la mfuko wetu." Naye anajibu, "Kwani nani alisaini kadi?" Watoto wanasikia, na mmoja ambaye juzi alifungua paa ili atoe kichwa nje anaanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu gari.

Mgawane kazi badala ya lawama. Mmoja atunze karatasi, mwingine azungumze na wakala, na kila hatua wote wawili waijue. Suala la kama familia inalimudu gari hilo ni halali kabisa, lakini lina siku yake, na si siku ambayo bili iko mezani. Siku hiyo ikifika, muweke hesabuni gharama za kulitunza, si malipo ya mkopo peke yake.

Kinga haigharimu sana

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika mwezi Machi na kabla ya vuli mwezi Oktoba, fungua paa na upanguse sinia kwa kitambaa chenye unyevu. Mimina maji kidogo, nusu glasi hivi, polepole kwenye kila pembe ya mbele, kisha uchungulie chini ya gari kuona kama yanadondoka. Yasipodondoka, simama hapo. Usiingize waya wa chuma, wala usipulize kwa kompresa yenye nguvu, kwani mrija unaweza kuchomoka ndani usikoweza kuuona. Fundi hutumia uzi laini wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukata nyasi.

Epuka kuegesha chini ya mjakaranda msimu wa maua. Na gari likienda sevisi, omba yaandikwe kwenye karatasi maneno haya manne: mirija ya paa imesafishwa. Mvua ikija na maji yakaingia, karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza ni nani anayepaswa kulipa.