Kartoni la Shangazi

Huko Marekani kuna watu wanaotoka miji ya mbali ili kukutana na kuonyeshana vipande vya karatasi ngumu, vidogo kama kiganja cha mtoto. Juu ya kila kipande kuna picha ya mchezaji wa besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo nene kisha kukimbia. Zamani kadi hizo ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara, halafu pamoja na bombo na chingamu, ili watoto wasumbue wazazi wanunue tena. Mwenye watoto wa shule anajua ujanja huo.

Ukiuliza mkusanyaji ni kadi gani anayoipenda kuliko zote, mara nyingi hataji ile ya bei kubwa. Mmoja anatoa ya Jackie Robinson, mtu mweusi aliyeingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947, wakati ligi kubwa zilikuwa za wazungu tu kwa miaka mingi. Mwingine anatoa kadi iliyochakaa pembe zote, kwa sababu yeye mwenyewe aliibana kwa kibanio cha nguo kwenye gurudumu la kinga yake ili ipige kelele. Haina bei, lakini hawezi kuiachilia.

Zenye bei ni habari ingine. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12,6. Pakiti yake ilikuwa ya senti 5! Kwa nini zimebaki chache hivyo? Wakusanyaji wazee wana jibu lao: mama alitupa. Kijana akaenda jeshini ao masomoni, mama akasafisha chumba, kartoni la viatu likaenda na takataka.

Sisi tunawatetea wamama hao. Nani aliwaambia kwamba karatasi za bombo zitakuwa mali? Tena Sy Berger, mwanaume aliyezitengeneza pale Topps, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 masanduku mengi ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi yalipakiwa kwenye chombo na kumwagwa baharini karibu na New York. Lakini hatujasikia mtu akisema baba alitupa.

Na kuna mwanamke ambaye hakutupa kitu. Katika mji wa Defiance, jimbo la Ohio, mzee mmoja alikuwa na duka la nyama. Alikufa katika miaka ya 1940, na binti yake akabaki katika nyumba ile mpaka alipofariki mwaka 2011. Jamaa yote ilimwita Shangazi. Juu ya plafo aliacha kila kitu: kalenda za duka, nguo za zamani, hata nguo za mama yake, zimekunjwa vizuri.

Mwanzo wa 2012 watoto wa ndugu zake walipanda kupanga vitu. Wakakuta kartoni lenye vumbi, ndani yake kadi karibu 700 za kama mwaka 1910, zimefungwa kwa kamba. Wakaliweka pembeni wakaendelea na kazi. Yapata majuma mawili yakapita mbele ya kujua kwamba ndani kuna mali iliyokadiriwa kufika dola milioni tatu. Ty Cobb alikuwamo, Honus Wagner pia, safi kana kwamba zimetoka kuchapwa, sababu miaka mia moja hakuna mkono wa mtoto wala jua lililozigusa.

Hapa ndipo sisi wa ukurasa huu tulipokaza macho. Kwetu, matanga hayajaisha, godoro na masufuria yameshapakiwa kwenye gari, na mwenye sauti kubwa ndiye anashika ufunguo wa valizi. Shangazi yule alikuwa ameacha maandishi: mali yake igawanywe sawasawa kwa watoto wote 20 wa ndugu zake. Aliyefungua kartoni hakupata kadi zaidi kwa kuwa mkono wake ulifika wa kwanza. Mwezi wa nane mwaka ule waliuza 37 tu, zile nzuri kabisa, na zikaleta zaidi ya dola 500 000.

Jambo dogo kwa wenye picha na vikwembe vya zamani: msifunge kwa mpira, unakata pembe na kushikamana na karatasi. Msibandike kwa gundi. Pahali pakavu, penye giza, mbali na panya.

Tunangoja kusikia kwenu: ndani ya valizi yako kuna kitu gani cha zamani, na umeshaandika kitaenda kwa nani?